Ufunguo wa Chumba cha Jenereta

Mtaani walimwita Komando, na jina hilo alipewa na watu wasiomjua. Alikuwa na mwili wa kujaza mlango, shingo nene, na mikono ambayo ukiiona imeshika rungu unahamia mwenyewe upande wa pili wa barabara. Mkewe, ambaye alimjua vizuri, alimwita Baba Pacha na alimtunzia siri moja kubwa: panya wa nyumba ile aliwaua mama mwenyewe. Komando akiona panya alipanda kitandani na kuita watu.

Alikuwa mwoga wa kuzaliwa, hakuna haja ya kuzungukazunguka. Aliogopa mbwa, aliogopa radi, aliogopa sindano, aliogopa mtu yeyote anayesema kwa sauti ya juu. Zaidi ya vyote aliogopa kufukuzwa kazi. Kiwanda cha magodoro kilishamfukuza kwa kosa la mtu mwingine, akakaa nyumbani muda mrefu mpaka pacha wake wakazoea kumruka alipojilaza mlangoni. Kampuni ya ulinzi ilipotangaza nafasi, alikwenda akiwa na roho mkononi. Hakuna aliyemuuliza kama ni jasiri. Walimtazama toka juu hadi chini, wakamuuliza namba ya kiatu.

Kwenye mafunzo, mkufunzi wao alikuwa polisi mstaafu mwenye sauti ya kukwaruza, na somo lake alilirudia kila asubuhi kabla hawajakimbia.

"Hilo gwanda nitawavalisha, lakini msije mkajiona polisi. Uwezo wa kumkamata mtu ulio nao wewe ni ule ule alio nao muuza nyanya pale nje. Umeona kwa macho yako mtu anatenda kosa? Mshike. Usimpige, usimvue, usimfungie popote. Mpeleke polisi hapo hapo. Mlinzi hana selo! Ukimfungia mtu, mhalifu ni wewe, na huyo muuza nyanya anaweza kukukamata."

Wenzake walicheka kuhusu muuza nyanya. Komando hakucheka. Aliyaweka maneno yale moyoni kama alivyoweka kila kitu cha kutisha.

Lindo lake lilikuwa duka kubwa la vifaa vya ujenzi: simenti, mabati, rangi, mabomba, misumari ya kila aina. Alisimama mlangoni. Kazi yake ilikuwa kupekua mabegi ya wanaotoka, na kwa wanaoingia kulikuwa na utaratibu wa chaki. Mafundi huja na sampuli. Mtu anabeba bawaba iliyovunjika au koki iliyokwisha ili apate ya kufanana nayo, na mlinzi akiiona anaichora mstari wa chaki, ili wakati wa kutoka ijulikane kuwa iliingia na mwenyewe. Kitu kisicho na chaki wala risiti ni cha wizi. Meneja hakutaka maelezo mengine. Mlinzi aliyekuwepo kabla ya Komando alisahau chaki kwenye kipande kimoja cha bomba, akaambiwa arudishe gwanda siku hiyo hiyo, akaenda nyumbani na fulana.

Jumamosi ile duka lilikuwa linafungwa mchana, kwa hiyo asubuhi watu walikuwa wengi kuliko kawaida. Fundi bomba mmoja mwembamba, mwenye kofia iliyopauka, alifika mlangoni na kufungua begi lake bila kuambiwa.

"Afande, naingia na koki yangu, ni sampuli. Nataka ya kufanana na hii."

Komando aliitazama. Ilikuwa koki ya shaba, nzuri, shingoni ikiwa bado na utepe mweupe wa kuzuia maji yasivuje. Aliingiza mkono mfukoni kutafuta chaki. Wakati huo huo meneja akapiga kelele kutoka ndani, "Wee mlinzi! Hiyo pikapu iliyoziba njia unaiangalia tu?" Komando alishtuka kama mtoto aliyekutwa jikoni. "Pita, pita," akamwambia fundi, na akaenda mbio kuiondoa pikapu.

Basi hapo ndipo jambo lilipoharibika, na lingeweza kutengenezwa kwa sentensi moja tu.

Fundi alipotoka, bahati mbaya meneja mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni. Meneja huyu alikuwa mtu mfupi, msafi, mwenye kutoa hukumu kabla ya salamu. Alifungua begi, akaona koki mbili.

"Risiti ni ya koki moja. Hii nyingine?"

"Ni yangu, bosi. Nimeingia nayo. Ni sampuli."

"Chaki iko wapi?"

Fundi aliigeuza koki huku na huku, kana kwamba chaki ingeweza kuwa imejificha. Kisha akatabasamu, maana shahidi alikuwa hapo hapo. "Muulize huyu afande. Nilimwonyesha. Si nilikuonyesha, kaka?"

Macho yote yakamgeukia Komando. Alimwona meneja anavyomtazama, akaliona gwanda likivuliwa, akawaona pacha, akakiona kile kizingiti alichokuwa akilalia. 

"Sikumbuki," akasema.

Tabasamu la fundi halikuondoka mara moja. Lilibaki usoni pale halina kazi, mpaka likaisha lenyewe.

"Mfungie chumba cha jenereta," meneja akasema. "Polisi nitawapigia mwenyewe."

"Meneja, lakini mafunzoni walisema..."

"Walisema nini?"

"Hawakusema kitu."

Meneja alichukua begi na simu ya fundi akaingia navyo ofisini. Komando alimshika fundi mkono, akampitisha uani, nyuma ya ghala la simenti, hadi kwenye kijumba cha matofali chenye mlango wa chuma. Pale walinzi walikuwa na tabia yao: ukimshika mtu, unamvua viatu asikimbie. Komando alimvua. Alivipanga viatu juu ya dirisha dogo lililozibwa kwa bati, kimoja kando ya kingine, kwa adabu kabisa.

"Humu kunanuka moshi, kaka," fundi akasema.

"Ni muda mfupi tu. Polisi wanakuja."

"Uliiona koki yangu. Uliitazama kabisa."

 Komando alisukuma mlango, akapiga kufuli, akatumbukiza ufunguo kwenye mfuko wa shati bila kuurudisha kwenye fungu, kwa sababu meneja alikuwa anaita tena, anataka fungu zima la funguo. Alitembea haraka kurudi mlangoni. Alijiambia kwamba polisi wataelewa, kwamba huko kituoni ndiko mambo hunyooshwa, kwamba yeye ni mlinzi tu. Hakuna hata neno moja kati ya hayo alilolisadiki, lakini yalimsaidia kutembea.

Kisha likaja lori la simenti. Dereva aliliegesha vibaya getini, wapakuzi wakagombana naye, mifuko miwili ikapasuka, na Komando akashinda katikati ya vumbi akipuliza filimbi. Vumbi lilipotulia, milango ya duka ilikuwa inafungwa na gari la meneja lilikuwa linatokea geti la nyuma. Meneja alimpungia mkono. Ule mkono ulimfurahisha Komando mno. Akajiambia: polisi wamepita geti la nyuma, wamemchukua mtu wao, yameisha. Hakumuuliza mtu. Aliogopa jibu, basi akajipa mwenyewe lile alilolitaka.

Mlinzi wa zamu ya mchana aliingia, mzee wa watu aliyeitwa Mzee Shwari kwa sababu lindo alilokabidhi yeye lilikuwa shwari siku zote, hata mwaka ule ukuta ulipoanguka. Walikabidhiana kama kawaida: rungu, filimbi, tochi, fungu la funguo. Mambo ya kukabidhi walinzi huyajua kwa kichwa, na mtu hayumo, kwa sababu mlinzi hana selo.

"Lindo?" mzee akauliza.

"Shwari," Komando akajibu.

Njiani kurudi nyumbani kitu kidogo kilimchoma kifuani kila alipopanda ukingo wa barabara. Alidhani ni chaki.

Alikuwa amekaa ukumbini, amekunja suruali, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, pacha wakigombania filimbi yake ya zamani, simu ilipolia. Alikuwa Mzee Shwari, na nyuma ya sauti yake kulikuwa na ngurumo.

"Komando, umeme umekatika huku. Jenereta imewaka. Nataka kufungua ule mlango moshi utoke, lakini ufunguo wake siuoni kwenye fungu. Uliuacha wapi?"

Jenereta ile ilijiwasha yenyewe umeme ulipokatika, hata duka likiwa limefungwa, kwa ajili ya kamera na taa za uani. Bomba lake la moshi lilikatika zamani. Meneja aliambiwa, akasema ataangalia. Kwa hiyo moshi wote ulimwagika ndani ya kile kijumba, na kila mlinzi wa lindo lile alijua kwamba kazi ya kwanza umeme ukikatika ni kukimbia kufungua mlango. Swichi ya kuizima ilikuwa huko huko ndani.

Komando alipeleka mkono kifuani. Aligusa kitu kigumu, chembamba. Hakikuwa chaki.

Akili yake, ambayo mchana kutwa ilikuwa imemdanganya kwa upole, ikaacha kumdanganya. Ufunguo uko kwangu. Mlango haujafunguliwa. Polisi hawakuja. Basi yumo.

"Komando? Upo?"

Alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale ulimini, ni maneno matatu tu, kuna mtu ndani, na hakuweza. Akisema, limetoka, haliwezi kurudi tena. Akisema, yeye ndiye aliyefungia. 

"Nakuja," akasema, na akakata simu.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na taulo mkononi. Alimtazama mumewe usoni na akawaambia watoto waende nje.

"Nini, Baba Pacha?"

"Nimeua mtu."

Alimwambia yote kwa maneno yaliyokanyagana, koki, chaki, lori, ufunguo. Mwanamke hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu. "Umemwambia mzee avunje mlango?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Komando aliangalia maji kwenye beseni.

"Unamwogopa meneja mpaka unaua?" Sasa sauti ya mkewe ilipanda, na ikavunjika juu huko. "Mpigie! Mpigie sasa hivi!"

Alipiga. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Mzee angesikiaje simu, na ngurumo ile? Mkewe alikwisha kumtupia viatu.

"Kimbia," akasema. "Mimi naendelea kupiga. Kimbia, we mwanamume!"

Alikimbia. Lile jitu lilikimbia katikati ya mtaa na shati la gwanda halijafungwa, na watu, kama ilivyo desturi yao, walifurahi. "Komando! Mwizi kapita wapi?" "Mshike, Komando!" Vijana wa kijiweni walimpigia makofi. Yeye alikuwa analia, lakini kwa mbali ilionekana kama jasho.

Mwanzoni mitaa ilikuwa na umeme, redio zinaimba, mashine ya kunyoa inaguna kwenye kibanda cha kinyozi. Alipovuka barabara kuu akaingia upande uliokatika. Hapo kila duka lilikuwa limetoa kijenereta chake kibarazani, na kila kimoja kilikuwa kinanguruma na kutema moshi. Komando alipita katikati yao. Moshi ulimwingia puani, akakohoa, na papo hapo akamuwaza yule anayekohoa bila pa kutokea. Alijikuta anahesabu sababu za mtu kubaki hai. Labda kuna ufa chini ya mlango. Labda lile bati la dirishani limelegea. Labda fundi ni mtu wa pumzi ndefu. Akakumbuka jinsi alivyokuwa mwembamba, na hapo labda zikamwishia.

Alisimama ukutani kidogo, akashika magoti. Na hapo, nisimfiche, likamjia wazo la kutokwenda. Stendi ya mabasi haikuwa mbali. Mzee Shwari hajui kitu. Jumatatu watafungua mlango, na meneja aliyetoa amri atajijua. Wazo hilo lilikaa naye kwa pumzi kama tatu hivi. Lilimtisha kuliko yote ya siku ile, kwa sababu liliongea kwa sauti yake mwenyewe, taratibu, halikubabaika hata kidogo. Akaanza tena kukimbia ili kulikimbia.

Alitegemea kuisikia jenereta kutoka kona ya duka la vioo, maana husikika hapo. Alifika kona. Kimya. Akafika getini. Kimya kabisa, hata ndege walikuwa wanasikika juu ya bati.

Mzee Shwari alikuwa kwenye kiti chake, simu imelala mapajani. "Ah, umefika. Imezimika yenyewe, bwana. Nimeshukuru Mungu, moshi ulikuwa umeanza kutoka chini ya mlango. Mkeo ndiye anapiga hivi? Nilikuwa sijaona."

"Imezimika lini?"

"Muda kidogo."

"Ulisikia kitu kule?"

Mzee alifikiri, maana hakuwa mtu wa haraka. "Kama kugonga. Nikadhani ni mashine inakufa."

 Komando akapita kona ya ghala, hadi uani. Viatu vilikuwa vimekaa dirishani alivyovipanga, kimoja kando ya kingine. Alipoviona alitoa sauti ambayo mzee, aliyekuwa anamfuata nyuma, hakuwahi kuisikia kwa mtu mzima.

"Kuna mtu ndani," akasema hatimaye. Alilisema wakati halikuwa na faida tena.

Ufunguo ulikataa. Aliugeuza, ukakataa, akaona ameuingiza kichwa chini. Kufuli likafunguka. Alivuta mlango, na moshi ukamwangukia usoni, mweusi, wa moto, wenye harufu ya dizeli.

Fundi alikuwa amelala kifudifudi, mdomo ameubana kwenye ule uwazi mwembamba chini ya mlango. Mlango ulipofunguka kichwa chake kilibaki pale pale kizingitini, hakikusogea. Mkono mmoja ulikuwa mweusi hadi kwenye kiwiko, na chini yake dizeli ilikuwa imetapakaa. Nyuma yake, kwenye ubavu wa jenereta, mpira wa mafuta ulikuwa unaning'inia. Mtu aliyeshinda maisha yake yote akipapasa mabomba ndani ya kuta na chini ya masinki aliutafuta kwa vidole gizani, akaung'oa.

Komando alimbeba kama mtoto, akamtoa hadi katikati ya uani, akamlaza ubavu. Alimwita. Kaka. Fundi. Kaka. Hakujua jina lake, hakuwa amemuuliza. Alimwekea sikio kifuani lakini moyo wake mwenyewe ulikuwa unapiga kelele, hakusikia kingine. Mzee Shwari alimmwagia maji. Hakuna kitu. Akammwagia tena.

Fundi akakohoa.

Alikohoa mpaka mwili wote ukajikunja, akatapika, akavuta hewa kwa mlio wa kutisha, akakohoa tena. Komando aliketi chini kwenye lile vumbi la simenti na akashika uso kwa mikono miwili. 

Jua lilikuwa limeanza kushuka upande wa pili wa ghala fundi alipoweza kukaa. Walimpa maji akanywa kidogo kidogo. Macho yake yalikuwa mekundu, na alimtazama Komando nayo bila kupepesa.

Mzee Shwari ndiye aliyeanza, kwa upole, kama mtu anayepatanisha ndugu. "Mwanangu, shukuru uzima. Chukua viatu vyako uende nyumbani ukapumzike. Haya mambo hutokea. Yaishe."

"Kweli, kaka," Komando akadakia. "Nenda zako. Nisamehe. Begi lako Jumatatu nitakuletea mwenyewe mpaka kwako."

"Niende wapi?" Sauti ya fundi ilikuwa nyuzi tupu. "Si uliniambia tunasubiri polisi?"

"Yameisha hayo."

"Hayajaisha. Twende polisi."

"Lakini wewe hukuiba kitu!"

"Najua." Fundi alinyoosha ule mkono mweusi, akashika ukosi wa gwanda la Komando. "Nakupeleka wewe."

Mzee Shwari alicheka kidogo, kwa wasiwasi. Ule mkono haukuwa na nguvu hata ya kushika kikombe sawasawa. Komando angeutoa kwa kidole. Lakini alikuwa anamsikia yule mkufunzi na sauti yake ya kukwaruza, umeona kwa macho yako mtu anatenda kosa, mshike, usimpige, usimvue, usimfungie, mpeleke polisi hapo hapo. Fundi hakuwahi kukaa kwenye mafunzo yale, na alikuwa anayafuata yote. Muuza nyanya alikuwa amefika.

"Usiwe mjinga," mzee akamnong'oneza Komando. "Utalala ndani. Una watoto."

 Komando alikwenda dirishani akachukua viatu. Akapiga goti mbele ya fundi, akamvalisha kimoja, kisha kingine, akafunga kamba. Fundo la pili alilirudia.

Walitoka hivyo getini. Fundi hakuweza kutembea peke yake, kwa hiyo aliegemea bega la mtu aliyemkamata, na mkono mwingine bado umeshika ukosi. Watu waliokuwa vibarazani waliona mlinzi mkubwa na mtu mchafu anayeyumba, wakaelewa walichozoea kuelewa. "Safi, afande!" mmoja akasema. "Hawa ndio wanaotuibia." Mwanamke mmoja alisonya. Fundi aliinamisha kichwa. Komando alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini ilikuwa lami nzima, na waliendelea.

Walitembea hadi walipoiona taa ya kituo. Umeme ulikuwa umerudi bila wao kutambua.

Ndani kulikuwa na kaunta ndefu ya mbao, benchi, na polisi mmoja anayekunywa chai. Aliinua macho. Aliona gwanda, aliona kofia yake ambayo Komando hakujua kama ameivaa. Akamwona fundi, mkono mweusi, macho mekundu, nguo zilizolowa dizeli. Alivuta kalamu, na akamgeukia Komando kama mtu wa nyumbani.

"Haya, afande. Huyu umemkamata na nini?"

 Komando alihisi vidole vya fundi vikilegea kwenye ukosi wake. Fundi alikuwa ameelewa. Alikuwa amewahi kuegemea neno la mtu huyu leo asubuhi. Alifumba macho tu, akangoja kusikia atafungiwa wapi mara hii.

Lile neno lilikuwa tayari kabisa. Wizi. Neno moja, na angelala kwake, kando ya mkewe, asubuhi angeamka na kazi. Polisi alikuwa anamtazama kwa imani yote. Komando hakuwahi kuogopa hivi, hata mbele ya ule mlango wa chuma. 

Alivua kofia ya gwanda, akaiweka juu ya kaunta. Kisha akatoa ufunguo mfukoni na kuuweka kando yake.

"Sikumkamata mimi," akasema, na sauti ilimtoka nyembamba kama ya mmoja wa pacha wake. "Amenikamata yeye. Koki ni yake. Asubuhi alinionyesha, na mimi niliiona."